Gesi Bila Ng'ombe

"Mtambo unajamba tena," mke alisema, akaziba pua kwa kiganja.

Mumewe aliinua macho kutoka kwenye kikombe. "Mara ngapi nikwambie uliache neno hilo? Afisa alisema mtambo unapumua."

"Anayepumua huvuta na kutoa. Huu mwenzetu kazi yake kutoa tu."

Bibi, mama mzazi wa mume, alikuwa ameketi mlangoni akijipepea kwa kipande cha boksi. Alicheka hadi akapaliwa. "Uacheni jamani, ni mzee mwenzangu huo. Tumbo likiisha nguvu, mlango wa nyuma haufungiki."

Mtambo wenyewe ulikuwa uani, nyuma ya jiko, kuba la saruji lililozikwa nusu ardhini. Ulijengwa na mradi. Ulilishwa mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji, yakavunda humo ndani, gesi ikapanda na kupita kwenye bomba hadi jikoni, mama wa nyumba akapika bila kuni wala moshi. Tusiwe wezi wa fadhila: miaka ya mwanzo ilikuwa raha. Kisha joto likazidi, ardhi ikapasuka, na kuba likapasuka nayo, ufa kutoka shingoni hadi ubavuni. Sasa gesi haikufika jikoni. Ilitokea kwenye ufa, ikazunguka uani, ikaingia chumbani, ikalala na watu.

Na ng'ombe hakuwepo. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Alikuwa ng'ombe wa kisasa, madoa meusi na meupe, wa mradi uleule, na Bibi alimwita Tajiri kwa sababu alisema nyumba nzima mwenye mali ni yeye peke yake. Maziwa yake yalinunuliwa na walimu na mkahawa wa sokoni. Yalimweka binti yao katika shule ya bweni, yalinunua vidonge vya presha vya Bibi, na yaliyobaki yakaingia kwenye chai. Msimu huu wa joto haukuwa msimu, ulikuwa adhabu. Hata usiku haukupoa. Tajiri alisimama bandani ulimi nje, akihema kama mtu aliyekimbizwa. Akaacha kula, akaacha kutoa maziwa, na asubuhi moja akaacha na kusimama. Daktari wa mifugo alisema kwa simu kwamba amwagiwe maji mengi. Maji yenyewe yalinunuliwa kwa dumu. Alipopigiwa tena, alisema nyama isiliwe, azikwe.

Walimzika kando ya barabara, mahali palipokuwa shimo la taka zamani, kwa kuwa kwingine kote sururu ilidunda kama inapiga jiwe. Hata hapo shimo halikwenda chini sana. Mume alirudisha udongo, akafunika kwa matawi ya miiba ili mbwa wasifukue, akaingia ndani, akashinda kitandani uso ukutani.

Ilikuwa imepita karibu mwezi. Na asubuhi hii, kabla chai haijapoa, Afisa wa mradi alikuwa amepiga simu: Mgeni Mkuu kutoka makao makuu anakuja Alhamisi kuiona kaya ya mfano. Kaya yenyewe ni hii. Ndiyo maana majirani walimwita mume Bwana Mfano, wengine kwa heshima, wengi kwa kejeli.

"Ulimwambia ng'ombe amekufa?" mke aliuliza.

"Nilimwambia."

"Na ufa?"

"Ufa anaujua."

"Sasa huyo Mgeni Mkuu anakuja kuona nini? Msiba?"

Bwana Mfano alirudi kwenye kikombe chake. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, asiye na ugomvi na mtu. Tatizo lake lilikuwa moja tu: alipenda sana kupigiwa makofi.

Afisa alifika Jumatatu, raba nyeupe miguuni, akichagua pa kukanyaga. Alichungulia jikoni. Ukutani masizi yalikuwa yameganda tabaka juu ya tabaka, na katikati ya sakafu mafiga matatu yalikuwa bado na majivu ya moto.

"Mama, hii ni nini?"

"Mafiga."

"Naona ni mafiga. Mafiga kwenye kaya ya mfano?"

"Nipikie nini, Afisa? Ufa tulikwambia tangu mwaka jana."

"Ufa ni suala la kiufundi. Liko mezani."

"Na harufu?"

"Harufu, mama, mtu akiizoea haipo."

Mke alijifuta mikono kwenye nguo yake taratibu, kama mtu anayejizuia kufanya nayo jambo jingine. "Wewe mwenyewe ulitufundisha kwenye semina. Ulisema gesi hii ikiwashwa ni neema, lakini ikiachwa itoroke hivihivi ni blanketi juu ya blanketi, dunia inazidi kuiva, na ni mbaya kuliko moshi wa kuni. Ulichora na blanketi lenyewe ubaoni."

Afisa aliangaza uso. "Unalikumbuka blanketi! Lilitoka vizuri, eti?"

"Nakuuliza, mbona bado tunahesabiwa?"

"Mnahesabiwa kwa sababu mna mtambo. Mtambo upo au haupo?"

"Upo."

"Basi."

Hapo inafaa msomaji aelezwe, maana hata waliofundishwa hawakuelewa vizuri. Mradi ulikuwa ukiuza hewa. Si utani. Kuna wenye viwanda mahali mbali, wenye mabomba ya moshi marefu kuliko minara, ambao wametakiwa wapunguze. Kupunguza kunauma. Basi wanalipa ili maskini fulani, asiyewahi kumiliki hata pikipiki, apunguze kwa niaba yao. Kila jiko linalowaka gesi ya mavi linahesabiwa, hesabu inauzwa, na bomba la kiwandani linaendelea kufuka kwa dhamiri safi. Huo uchafu una jina zuri na una ofisi yenye zulia.

"Kwa hiyo huko kuna mtu ananunua hewa yetu?" Bibi aliuliza kutoka mlangoni.

"Ndiyo, Bibi. Hewa ukaa."

"Mbona ameiacha hapa? Mwambie aje aichukue yote, na harufu yake. Mteja gani huyo, ananunua mzigo halafu anamwachia muuzaji?"

Afisa alicheka kwa adabu, akamshika Bwana Mfano begani na kumvuta kando, ingawa uani hapakuwa na kando. Kila mtu alisikia. "Mzee, nisikilize. Moto ukiwaka mbele ya Mgeni Mkuu, awamu ya pili inapita. Awamu ya pili ikipita, kila kaya iliyopoteza ng'ombe inapewa mwingine. Mwenye mimba."

Bwana Mfano alimeza mate. "Mwenye mimba?"

"Mwenye mimba."

"Na moto usipowaka?"

"Mnafutwa. Na banda tutalibomoa tuchukue mabati, ni mali ya mradi."

Alipoondoka alimwagiza mke akwangue masizi na apake chokaa. Chokaa hakuleta.

Bwana Mfano alichukua toroli akaenda kwa jirani. Jirani huyu alikuwa mjane mwenye ng'ombe watatu wa kienyeji, vijeba vyenye mbavu za kuhesabika, ambao jua liliwapiga na wao wakaendelea kutafuna. Alimwona tangu mbali, akaacha alichokuwa anafanya, akashika kiuno.

"Bwana Mfano mwenyewe! Karibu, karibu. Leo umekuja kutufundisha nini?"

"Sijaja kufundisha, jirani. Nimekuja kuomba samadi."

"Samadi au mavi? Maana siku ile mkutanoni ulisema sisi tunaishi na mavi, ninyi wa mradi mna samadi."

"Yalikuwa maneno ya mkutano tu."

"Ndiyo nakuuliza, umekuja kuomba nini? Samadi mimi sina."

Wapita njia walikuwa wamesimama. Bwana Mfano alitazama gurudumu la toroli. "Naomba mavi, jirani."

"Sema kwa nguvu, masikio yangu yamezeeka."

"Naomba mavi!"

"Ahaa. Chota, chota. Mavi hayana choyo."

Akachota. Mpini wa kukorogea ulishavunjika, kwa hiyo alikoroga kwa mikono hadi kwenye viwiko. Maji yalihitajika ndoo kwa ndoo, na maji yaliyokuwepo yalikuwa ya kuoga. Yakaenda mtamboni. Ya kufulia yakaenda. Ya Bibi, ambayo mke huyapasha moto kidogo kila jioni kwa ajili ya magoti ya mzee, nayo yakaenda. Siku mbili nyumba nzima haikuoga ili mtambo unywe. Shuka zilinata mwilini, na nzi hawakujua tena wakae wapi, kwa mtambo au kwa watu.

Jumatano asubuhi walijaribu. Mke alifungua koki, Bwana Mfano akawasha kiberiti. Moto ulitoka wa buluu, mdogo kama jicho la paka, ukatazama huku na huku, ukafa. Wakasikia gesi yenyewe ikitoka kwenye ufa, fyuuu, bila haraka. Bibi aliinama pale mlangoni akatapika uji wake wote.

"Umeulisha maji ya kuogea ya mama yako," mke alisema akimshika mzee mgongo, "na mama yako ndiye anayetapika."

"Ni kwa ajili ya ng'ombe."

"Najua ni kwa ajili ya ng'ombe."

"Ukitaka cha mvunguni sharti uiname."

"Tumeshainama, baba watoto. Sasa tunatambaa."

Bwana Mfano alimpigia Afisa. Mchana Afisa alikuja na gari, akashusha kitu kizito kilichofungwa ndani ya shuka la maua. Alipolifungua, ulikuwa mtungi wa gesi, ule wa dukani, wa kununua.

"Umeutoa wapi?" mke aliuliza.

"Kwangu. Mke wangu amenuna, amepika kwa mkaa leo. Lakini kazi ni kazi."

Aliutua nyuma ya ukuta wa jiko, akausukumia chini ya magunia, akapitisha mpira kwenye tundu la panya na kuuunganisha na jiko la mradi. Akawasha. Moto ukaruka juu wa buluu safi, ukanguruma. Bwana Mfano alitabasamu kama mtoto. Kwa dakika moja alisahau kwamba ni wa uongo.

"Huu si udanganyifu huu?" mke alisema.

"Si udanganyifu, mama, ni onyesho. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na mwanaharamu ni nani hapa?" Bibi aliuliza.

Wakafanya mazoezi. Afisa alisimama mlangoni kama Mgeni Mkuu. "Nikikuuliza unajisikiaje, unasema?"

"Najisikia vizuri."

"Tabasamu basi." Mke alitabasamu. Afisa aliinamisha kichwa, akamtazama kinywani, lile pengo la mbele. "Au tabasamu ukiwa umefunga mdomo. Kwa ajili ya picha tu, mama, usije ukanielewa vibaya."

Alimwelewa vizuri sana. Jioni alifagia uwanja wote kuanzia bandani hadi barabarani kwa hasira. Pale kando ya barabara matawi ya miiba yalikuwa yamekauka, yakionekana kama takataka mbele ya nyumba. Mume alikuwa kisimani akigombania foleni. Mke aliyakusanya matawi yote, akapafagia mahali pale hadi pakalala sawasawa, akaenda kuyawasha kwenye mafiga na kupika chakula cha mwisho kabla ya kuyaficha mafiga yenyewe chini ya kitanda.

Magari yalifika Alhamisi saa za joto kali, matatu, na hayakuzimwa. Yalinguruma barabarani muda wote wa ziara, vioo vimefungwa, ili wageni wakirudi wakute viti vimepoa. Waliteremka na chupa za maji mikononi, wakinywa nusu na kuacha nusu. Bibi alizihesabu kwa macho zile nusu.

Mgeni Mkuu alikuwa mtu mrefu mwenye kofia pana na macho ya upole. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalokera zaidi. Aliwapa wote mkono, hata Bibi, akainama kumsalimia, kisha akauliza jambo kwa lugha yake. Afisa akatafsiri.

"Anauliza, mama, maisha yamebadilikaje."

Mke alisema: "Zamani nilikuwa naokota kuni. Siku hizi naokota kuni, halafu nabeba na maji ya mtambo."

Afisa alimtafsiria Mgeni Mkuu kwamba mama huyu sasa ana muda wa kupumzika na kumsaidia mwanawe masomo. Mgeni Mkuu aliweka mkono kifuani.

Wakaingia jikoni, wakasongamana. Mpiga picha aliupiga picha ukuta uliokwanguliwa. Bwana Mfano alifungua koki, na moto ukaruka. Uliruka mno. Gesi ya mavi haina kiburi kile. Hii ilinguruma hadi mgeni mmoja akarudi nyuma. Afisa alitokwa na jasho juu ya mdomo. Lakini wageni walipiga makofi, na Bwana Mfano, Mungu amsamehe, aliinama kuyapokea. Mke akateleka sufuria ya maharage.

Mgeni Mkuu alitoka uani akatazama banda tupu. Aligeuka kwa Bibi, aliyekuwa karibu, akaweka vidole viwili kichwani kama pembe na kufungua mikono: yuko wapi? Afisa alikimbilia, "Malishoni, ameenda malishoni," kwa lugha zote mbili. Alichelewa. Bibi alikuwa ameshaweka shavu kwenye kiganja na kufumba macho, kisha akachora shimo hewani kwa kidole na kufukia.

Lugha hiyo haina mkalimani.

Mgeni Mkuu aliuliza tangu lini. Afisa, akiwa hana pa kukimbilia, alisema karibu mwezi. Mgeni Mkuu alilitazama banda. Akarudi mlangoni mwa jiko akautazama moto, unanguruma vilevile chini ya maharage. Akalitazama banda tena. Bwana Mfano alishika nguzo. Alikuwa anamwona ng'ombe mwenye mimba akiondoka, mkia ukipepea.

Kisha Mgeni Mkuu akapaza sauti kwa furaha, akaanza kuwaeleza wenzake mambo mengi kwa mikono miwili. Wakaandika. Wakacheka. Mmoja alimkumbatia Bwana Mfano.

"Anasemaje?" Bwana Mfano aliuliza.

Afisa alilamba midomo. "Anasema hajawahi kuona. Ng'ombe amekufa mwezi mzima na moto unawaka hivi. Anasema mmegundua njia, mnatumia mabaki ya chakula na... na busara zenu. Anasema ng'ombe mwenyewe ni sehemu ya tatizo. Anacheua, anabeua, na kila akibeua anatoa gesi ileile inayoipasha dunia joto. Sasa ninyi mmeonyesha gesi bila ng'ombe. Anasema awamu ya pili imepita, hapahapa, leo."

"Imepita!"

"Imepita, mzee." Afisa alishusha sauti. "Ila fungu la ng'ombe wanaliondoa. Kwa kaya zote. Halihitajiki tena."

Bwana Mfano alifungua mdomo. Ilikuwa nafasi, na kila aliyekuwa pale upande wa nyumba aliijua. Hatua chache tu nyuma ya ukuta kulikuwa na mtungi. Mkono mmoja kwenye magunia, na mambo yote yangejieleza.

"Sema," mkewe alimwambia kwa sauti ndogo. "Baba watoto, sema."

Afisa alimtolea macho. Mgeni Mkuu alimnyooshea mkono, uso umejaa heshima ya kweli, na wale wengine wakaanza tena kupiga makofi.

"Asante," Bwana Mfano alisema. "Asanteni sana."

Katika ndoa yao mke alikuwa amemhurumia mumewe, amemkasirikia, hata wivu aliwahi kumwonea. Kinyaa kilikuwa kigeni kwake.

Kulikuwa na bango. Lilishushwa kutoka gari la nyuma, limepigwa rangi ya kijani, miguu miwili ya mbao nzuri: KAYA YA MFANO. Mgeni Mkuu alitaka lisimikwe yeye akiwepo. Mpiga picha alizunguka akitafuta mwanga, na macho yake yakatua kando ya barabara, mahali palipofagiwa vizuri, udongo laini, nyumba nzima ikionekana kwa nyuma.

Bwana Mfano alipaona anapoonyeshwa. Akatafuta miiba kwa macho, hakuiona. "Hapo pana mawe," alisema.

"Mawe wapi? Mbona pametifuka vizuri tu," Afisa alisema. "Mzee, usiniangushe dakika za mwisho. Chimba."

"Tuliweke kule kwenye mti."

"Kule kivuli. Chimba, wanataka wakupige picha unachimba."

Mke alikuwa ameweka mkono mdomoni. Bwana Mfano alimtazama, na hapo wote wawili walielewa nani kaondoa nini. Angeweza kuitupa sururu aliyopewa. Aliinua akapiga, kwa sababu kamera ilikuwa imeinuliwa. Akapiga tena. Mpiga picha alimwonyesha kwa ishara atabasamu.

Pigo la nne halikutoa sauti ya udongo. Lilizama kwenye kitu chenye maji, kikatoa pumzi ndefu, na ile pumzi ikapanda. Sitaipamba. Ilikuwa nzito na tamu, ikaingia puani, ikakaa ulimini kama mafuta. Ncha ya sururu ilitoka na kipande cha ngozi, nywele nyeusi na nyeupe bado zimeshikamana, na nzi ambao sijui walikuwa wapi wakafika wote kwa pamoja. Mpiga picha alitapikia viatu vyake. Mgeni Mkuu alivua kofia akajifunika nayo uso, akauliza kitu kutoka humo ndani ya kofia.

Afisa alikuwa ameziba pua kwa tai. "Anauliza ni nini kinanuka."

Bibi alikuwa amejikongoja hadi pale. Aliutazama udongo, akautazama ule uso uliofunikwa kofia. "Mwambie ni gesi," alisema. "Hii ni ya ng'ombe, siyo ile yao ya bila ng'ombe. Akitaka kununua, ipo. Asiiache lakini. Aende nayo."

Afisa alitafsiri kwamba ni mbolea ya asili. Mgeni Mkuu alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa na anaheshimu, akarudi garini upesi. Milango ikafungwa. Bango liliachwa limelala barabarani kifudifudi.

Afisa hakupanda mara moja. Aliwaashiria wamsubiri, akazunguka nyuma ya jiko. Magunia yalikuwa kando. Mke alikuwa ameketi juu ya mtungi, magoti ameyatanua, mikono mapajani, kama mtu aliyekaa kwenye kigoda chake akimenya vitunguu. Upande wa pili wa ukuta maharage yalikuwa yanachemka.

"Mama, naomba mtungi wangu."

"Naomba ng'ombe wangu."

"Mama, si umesikia. Ng'ombe si mimi niliyemwondoa. Ni ninyi mmeonekana mnaweza. Ninyi ni mfano."

"Aha."

"Tafadhali. Mke wangu ataniua, unajua wanawake. Hana cha kupikia."

"Wageni wako bado wapo barabarani," mke alisema. "Mtungi huu nikiubingirisha kidogo tu, unafika."

Honi ililia. Simu ya Afisa nayo ikaanza kulia mfukoni, akaitoa, akaona ni nani, akaizima. Alimtazama mwanamke yule, akautazama ukuta, akatazama raba zake, ambazo hazikuwa nyeupe tena.

"Sasa mimi nikamwambie nini nyumbani?"

Mke alitabasamu, mdomo wazi, pengo lote nje. "Mwambie aishi bila mtungi. Mwambie ni mfano."

Honi ililia tena, ndefu. Afisa aliondoka.

Bwana Mfano alishinda jua lote akimfukia Tajiri upya. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemcheka. Hata mjane, aliyekuwa akipita na ng'ombe wake, aliwaswaga upesi wapite, asimtazame. Alipomaliza kufukia alilaza bango juu ya udongo ili mbwa wasifukue, akaweka mawe pembeni. Kisha akaja kunawa. Mkewe alimmwagia maji mikononi, ndoo nzima, na harufu haikutoka.

Mke aliwasha moto wa Afisa akachemsha chai. Ungekuwepo wiki chache moto huo, kisha mafiga yangerudi kutoka chini ya kitanda, na huko nyuma mtambo ungeendelea kujamba kuelekea mbinguni, umehesabiwa, umeuzwa, umelipiwa. Kuhusu karo ya binti hakuna aliyeanza kusema. Bibi alipewa kikombe chake, akapuliza, akanywa. Bwana Mfano alipewa chake. Alikishika kwa mikono miwili, akili yake ikiwa mbali, akakinyoosha tena kwa mkewe kama alivyozoea, akingoja atiliwe maziwa.